Mwanangu wa kiume anapika na kubeba mtoto. Je, napingana na maumbile?

Swali

"Nina watoto watatu: wa kiume miaka 10, wa kike miaka 8 na mdogo wa mwaka mmoja na nusu. Tunaishi Mwanza. Mimi nina duka, mume wangu ni dereva wa lori, kwa hiyo nyumbani anaonekana siku chache kwa mwezi. Dada wa kazi sina. Huyu mkubwa nimemfundisha kusonga ugali, kuosha vyombo na kumbembeleza mdogo wake, na anafanya bila kusukumwa. Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kutoka Tarime akamkuta mjukuu wake amembeba mtoto mgongoni huku anakoroga uji. Alikasirika sana. Alisema namharibu, kwamba mwanamume ana damu yake na mwanamke ana damu yake, na mtoto huyu hataweza kusimamia mji. Mume wangu aliporudi hakusema neno, ila alimnyang'anya mwiko mbele ya wadogo zake. Tangu siku hiyo mtoto akisikia geti linafunguliwa anatoka jikoni mbio. Mtandaoni nimesoma kwamba tofauti zote za mwanamke na mwanamume ni za kufundishwa tu. Kanisani nasikia zote ni za kuumbwa. Ukweli ni upi? Na je, nimemkosea mwanangu?"

Jibu

Hujamkosea, dada yangu. Natanguliza hilo kwa sababu swali lako lote limebeba hofu hiyo, na ni vigumu mtu kusikiliza maelezo marefu huku roho iko juu.

Ulichosoma mtandaoni kimevuka mpaka, na alichosema mama mkwe nacho kimevuka mpaka, kila kimoja kwa upande wake. Yapo yaliyoumbwa, na hayana ubishi. Mwanamke ndiye anayeshika mimba, anayezaa na kunyonyesha. Wavulana wakibalehe, homoni ya testosteroni kwao hupanda kufikia kiwango kikubwa zaidi kuliko kwa wasichana, misuli inajaa, mabega yanapanuka, na tofauti ya nguvu za mikono na kifua inakuwa kubwa kweli. Miaka michache ijayo usishangae kijana wako akinyanyua gunia ambalo dada yake hatalisogeza. Hata michezo ya utotoni haikosi mkono wa maumbile. Wapo wasichana wanaozaliwa na hali ambapo tezi zilizo juu ya figo zilitoa homoni nyingi za kiume wakiwa bado tumboni; kwa wastani hao huvutiwa na magari na michezo ya purukushani kuliko dada zao, ingawa wote wamelelewa kama wasichana. Kwa hiyo anayekwambia kila kitu ni mafunzo, mwambie asome tena.

Lakini hizo ni tofauti za wastani, na wastani hausemi lolote la hakika kuhusu mtoto mmoja aliyesimama mbele yako. Kisha pitia tena niliyoyataja: mimba, maziwa, misuli, kiasi fulani cha mwelekeo wa michezo. Ugali haumo. Kuosha vyombo hakumo. Wala kumbembeleza mdogo hakumo, kwa sababu mtoto aliyekwisha kuanza uji hahitaji titi ili atulie, anahitaji mtu mwenye subira.

Nikupe kisa kimoja ambacho nadhani kingemtuliza hata mama mkwe. Mwaka 1965 huko Winnipeg, Kanada, walizaliwa mapacha wa kiume. Mmoja wao, David Reimer, aliharibiwa vibaya uume wake wakati wa kutahiriwa akiwa mchanga. Mwanasaikolojia maarufu wa wakati huo, John Money, aliamini kwamba mtoto hujijua kuwa wa kike au wa kiume kutokana na malezi, akawashauri wazazi wamlee kama msichana. Walimfanyia upasuaji, wakampa jina la kike, magauni na midoli, na kwa miaka mingi hakuambiwa ukweli. Haikushika. Mtoto alikataa hali hiyo kwa nguvu zote, na alipoelezwa ukweli akiwa na miaka 14 alirudi kuishi kama mvulana. Ni kisa cha kusikitisha, na maisha ya David yalikuwa magumu mpaka mwisho. Lakini kitazame kwa jicho la bibi anayeogopa mjukuu wake "atakuwa mwanamke": kama jina la kike, magauni, dawa na kisu cha daktari havikumgeuza yule mtoto, sufuria la uji litamgeuzaje huyu wako? Kujijua kuwa mvulana kuna mizizi mirefu. Nani akoroge uji ni mpango wa nyumba.

Na mpango huo hubadilika ukivuka mlima tu. Kwa Wamasai, kukamua ng'ombe ni kazi ya wanawake, na wanawake ndio wanaojenga nyumba, kuanzia fito mpaka kukandika samadi. Nenda Rwanda ya zamani: mila ilimkataza mwanamke kukamua ng'ombe, na ilimkataza kupanda juu ya paa. Ng'ombe ni yuleyule, mwanamke ni yuleyule, mikono ni ileile. Kila upande ungekuapia kwamba wao ndio wanaofuata maumbile. Njoo Morogoro, kwa Waluguru, ukoo na ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, jambo ambalo mzee wa Tarime akilisikia anaweza kuguna.

Tena Tarime yenyewe ina jibu lake. Wakurya wana ndoa ya nyumba ntobhu, ambayo mama mkwe anaijua kuliko mimi. Mwanamke mwenye mali, mara nyingi mjane au asiyejaliwa mtoto wa kiume, anatoa mahari na kuoa mwanamke mwenzake. Si kwa mambo ya chumbani. Ni ili watoto watakaozaliwa wawe wa mji wake na mrithi apatikane. Mwenye mji hapo ni mwanamke mzima, damu ya kike kabisa. Wazee waliokubali mpango huo walijua vizuri kwamba kusimamia mji ni nafasi, na nafasi inaweza kushikwa na mtu yeyote aliyepewa na akaheshimiwa. Ndoa hizo zina matatizo yake, hasa kwa wasichana wadogo wanaoolewa humo bila hiari, na sizipigii debe. Nazitaja kwa sababu zinavunja hoja ya damu kwa ushahidi wa nyumbani kwao.

Basi majukumu haya ya kijinsia yanatoka wapi? Mara nyingi yanatoka kwenye mali na zana. Mwaka 1970 mchumi Ester Boserup wa Denmark alieleza kwamba penye jembe la mkono wanawake walilima sana, na penye plau la kukokotwa na wanyama wanaume walichukua shamba, kwa kuwa plau linataka nguvu na kudhibiti wanyama. Mwaka 2013 wachumi watatu, Alesina, Giuliano na Nunn, walilipima wazo hilo wakakuta kwamba jamii ambazo mababu zao walilima kwa plau bado zina mtazamo mkali zaidi kuhusu nafasi ya mwanamke, hata miongoni mwa watu ambao leo hawajui shamba linafananaje. Usukumani hapo ulipo, plau lilienea pamoja na pamba enzi za ukoloni. Ng'ombe walikuwa mali ya wanaume, plau likawa lao, na pesa ya pamba ikafuata njia hiyohiyo. Palizi iliongezeka kwa sababu shamba limekuwa kubwa, ikabaki kwa wanawake. Hapana aliyekaa akaamua. Ilijipanga hivyo, na wajukuu wakaikuta imeshakuwa "ndivyo tulivyo".

Au tazama upishi wenyewe. Wakati wa ukoloni, Tanganyika na Kenya, watumishi wengi wa ndani kwenye nyumba za Wazungu walikuwa wanaume. Walipika, walifua, walipiga pasi, na waliitwa "boi" hata wakiwa na mvi. Kazi hiyo ilikuwa na mshahara, na mshahara ulikuwa wa wanaume. Baada ya uhuru, wanaume walipopata ajira nyingine, ikahamia taratibu kwa wasichana kutoka vijijini kwa malipo kidogo, na leo mtu anakwambia kazi ya ndani ni ya kike tangu dunia iumbwe. Toka jioni hapo Mwanza utazame wanaokaanga chipsi na kuchoma mishikaki ni akina nani. Kwenye shughuli kubwa za pwani, masufuria ya pilau na biriani husimamiwa na wanaume. Jiko likiwa na pesa au sifa, hakuna anayeuliza damu ya mpishi.

Swali gumu zaidi ni jinsi mpango huu unavyoingia ndani ya mtoto mpaka aone ni wake. Unaanza mapema kuliko tunavyodhani, na wazazi wenyewe hatujioni. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto wa miezi 11 wanaotambaa. Walitengeneza mteremko unaoweza kuinuliwa au kushushwa, wakawauliza akina mama: mwanao ataweza kushuka mteremko mkali kiasi gani? Mama wa wavulana walitaja mkali kupita uwezo halisi wa watoto wao. Mama wa wasichana walitaja mdogo kuliko uwezo halisi. Walipowaachia watoto washuke, wavulana na wasichana walikuwa sawa. Sasa fikiria makadirio hayo yanarudiwa kila siku kwa miaka kumi: huyu "ataweza", yule "ataanguka". Mwishoni mmoja anapanda mwembe na mwingine anasubiri chini, nasi tunasema maumbile.

Kisha zinakuja kazi, sifa na aibu. Sifa hufundisha taratibu, aibu hufundisha mara moja. Mwanamume akionekana anaanika nguo za mke wake, mtaa mzima una maneno tayari: kakaliwa, kapewa limbwata. Mvulana wa miaka 10 anayasikia hayo yakisemwa kuhusu jirani na anayaweka moyoni bila kuambiwa na mtu. Mwiko ulionyang'anywa mbele ya wadogo zake ulikuwa somo la aina hiyo, na kwa unavyoeleza, amelishika.

Kuhusu kama kazi hizi zinamharibu mvulana, tunao utafiti wa karibu na nyumbani, ng'ambo tu ya mpaka, upande wa Wajaluo. Mwanaanthropolojia Carol Ember alikaa Oyugis, magharibi mwa Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo mwaka 1973. Kule nako kuteka maji, kusaga, kupika na kulea vilikuwa vya wasichana. Lakini nyumba nyingine hazikuwa na binti wa umri wa kufaa, na mama hawezi kuacha watoto walale njaa kwa ajili ya mila, kwa hiyo mvulana alipewa. Uzuri wa hali hiyo kwa mtafiti ni kwamba wavulana hawakujichagulia. Mpangilio wa uzazi ndio uliowachagulia. Ember alifuatilia mwenendo wao hata nje ya kazi, wakiwa na wenzao. Waliozoea kazi za kike, hasa zile za ndani ya nyumba, walikuwa si wagomvi kama wavulana wengine, na mwenendo wao ulikaa katikati ya wa wavulana wenzao na wa wasichana. Ni utafiti wa eneo moja na watoto wachache, siwezi kuufanya msahafu. Lakini unaendana na yaliyoonekana Nyansongo, kwa Wakisii, miaka ya 1950, ambako wavulana wadogo walipewa watoto wa kulea, na tofauti kati yao na dada zao zilikuwa ndogo kuliko kwenye jamii ambazo wavulana waliachwa wazurure.

Kwa hiyo mama mkwe ameona kitu cha kweli: kazi humfinyanga mtoto. Anachokosea ni kukiita uharibifu. Mtoto aliyejifunza kusoma kilio cha mtoto mwenzake, kungoja uji uive, kujua kwamba wengine wanakula baada ya yeye kuhangaika, amepata tabia ambayo baba yeyote angeihitaji.

Usimdharau bibi, hata hivyo. Hofu yake ina sababu. Katika dunia aliyokulia, mvulana aliyechekwa na wenzake alipoteza mengi: neno lake halikusikilizwa kikaoni, na pengine ng'ombe wa mahari walichelewa. Akisema "hataweza kusimamia mji" hatoi tusi, anatabiri adhabu ambayo ameiona watu wakipewa. Ukimjibu kwa mhadhara wa haki sawa utakuwa umejibu jambo ambalo hakuliuliza. Na katika jambo moja alikuwa sahihi kabisa: mtoto asikoroge uji unaochemka akiwa na mtoto mwingine mgongoni. Wakipepesuka wote wawili wataungua. Hilo lisimamishe leo, na umwambie bibi kwamba amekufumbua macho. Ni kweli, na litafungua mlango wa mazungumzo mengine.

Kitu kinachonisumbua zaidi katika barua yako ni mbio za kutoka jikoni. Mtoto anayeficha kazi nzuri anayoipenda ameshaanza kuamini kwamba ndani yake kuna kasoro, na kwamba baba yake akiiona atamkataa. Mazungumzo ya kwanza basi ni yako na mume wako, mkiwa wawili, si kwa simu akiwa njiani, na si siku anayorudi amechoka. Usianze na mama yake. Anza na yeye mwenyewe: foleni ikimweka mpakani Rusumo siku mbili, nani anampikia? Madereva wengi wa masafa marefu wana jiko dogo ndani ya lori na wanapika vizuri tu. Mwache aeleze alijifunzaje, nani alimfundisha, alijisikiaje mara ya kwanza. Halafu mwambie kuhusu geti. Usimshtaki, mwelezee tu ulichoona. Wanaume wengi hawajui kwamba mtoto anawakimbia mpaka waambiwe, na wakiambiwa inawauma. Ukifanikiwa kupata jambo moja tu kutoka kwake, liwe hili: akae jikoni na mwanawe jioni moja, wapike pamoja kitu anachopika njiani. Jambo hilo litafuta aibu ya mwiko kuliko maneno yako yote.

Mama mkwe aachiwe mwanawe. Neno la mkwe kuhusu malezi linasikika kama kiburi hata likiwa la hekima. Neno la mtoto wake wa kumzaa lina uzito mwingine. Akija tena, mpe kazi: amfundishe mjukuu habari za ukoo, ng'ombe, mipaka ya shamba, mambo anayoogopa kwamba hatayajua. Kijana ayashike yote mawili. Hapo ndipo hofu yake hasa itapungua, maana ataona kwa macho kwamba sufuria halijamnyima nafasi yake.

Unaweza kujiuliza kama ni unafiki kumpunguzia kijana kazi za jikoni siku bibi akiwepo. Mimi sioni hivyo. Kuna nyumba ambazo amani ya siku tano ina thamani, na adabu kwa mgeni ni malezi pia. Mpaka wangu ni mmoja: usimwambie kwamba alikuwa anakosea. Mwambie, "Bibi amezoea hivi, sisi tunafanya hivi, na wewe unafanya vizuri." Watoto wa miaka 10 wanaelewa kabisa kwamba nyumba mbili zina taratibu mbili.

Kuziacha kabisa kazi hizo ili kuwaridhisha wakubwa kuna gharama, na atakayeilipa ni binti yako wa miaka 8. Kazi haziyeyuki, zinahamia kwake, pamoja na somo kwamba muda wa kaka una thamani kuliko wake. Lakini pima na upande wa kijana: hana budi kupata muda wa kusoma, wa mpira, na wa kutofanya chochote. Mtoto mkubwa anayegeuka mzazi wa pili kwa kuwa baba yuko safarini anachoka kwa namna isiyoonekana, awe wa kike au wa kiume. Gawa kwa zamu, binti naye ajifunze kubadilisha balbu na kuziba pancha, na kijana apewe mapumziko bila kuyaomba.

Kuna hali ambazo ushauri wa kuandikiana hautoshi. Kama kijana ameanza kukojoa kitandani wakati alishaacha, anakataa shule, halali, au anasema maneno ya kujichukia, mpeleke kituo cha afya aonwe, na uzungumze na mwalimu wake wa malezi. Kama kunyang'anya mwiko kumekuwa kupiga, au wewe mwenyewe unatishwa kwa sababu ya jambo hili, mwone afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri yenu, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mfundishe kijana wako na binti yako waikariri.